Sekunde Nane Katika Chumba cha Kukatia

Watu walimwita Popo, na jina hilo lilimkaa. Alilipata kwenye harusi ya jirani yetu mmoja, umeme ulipokatika wakati maharusi ndio kwanza wanaingia ukumbini. Wapiga picha wengine wawili walishusha kamera wakasubiri jenereta. Yeye aliendelea kupiga kwa mwanga wa mishumaa iliyokuwa mezani, na picha zilipotoka, bibi harusi alionekana mpaka unywele wa kope. Mtu mmoja akasema huyu si binadamu, ni popo. Basi ikawa hivyo.

Mimi ni fundi wa fremu. Duka langu na studio yake vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, na kwa miaka kumi na minne nilisikia karibu kila neno lililosemwa upande ule, naye akaisikia nyundo yangu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota barabarani. Mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe amekaa kwenye kigoda changu, na sehemu moja na mimi nina mkono wangu ndani yake.

Popo hakupenda flashi. Alisema kumpiga mtu flashi ni kama kumzaba kofi ili umsalimie: atakugeukia, ndiyo, lakini uso atakaokupa si wake. Yeye alitafuta nguzo au kizingiti cha mlango, akaegemea. Viwiko alivibana mbavuni. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, akaizuia, na hapo ndipo kidole kilipobonyeza, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asimwamshe. Alipiga tatu mfululizo. Ya kwanza, alisema, mkono bado unashtuka. Ya tatu umeshachoka. Ya katikati ndiyo yenyewe. Na alijua kungoja. Aliniambia kicheko cha mtu kina mahali kinapofika juu kikasimama kidogo kabla ya kushuka, na ukimpata hapo, hata kama mwanga ni wa kijiko, picha haitikisiki.

Alikuwa na majivuno, sitaficha. Picha ya mwenzake ikiwa na ukungu aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama soksi ya mtu. "Hakuna giza," alizoea kusema, "kuna wavivu."

Dada yake alikuwa amemlea. Mama yao alifariki Popo akiwa darasa la nne, dada mtu ana miaka kumi na tisa, na mwaka huohuo dada aliingia kiwanda cha maboksi, chumba cha kukatia. Huko alikaa mpaka siku ninayoitaja. Alimsomesha mdogo wake, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja, na muda wote huo mashine ilikuwa ileile. Kila asubuhi alipita mbele ya maduka yetu na mfuko wake wa chakula. Mimi alinisalimia kwa heshima, mdogo wake alimtania. Alimwambia katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye anayelipwa kwa kubana pumzi.

Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Ungempa rundo la karatasi ngumu, angelipitisha mara moja chini ya kidole gumba na kukuambia ziko ngapi. Niliwahi kumjaribu hapa dukani kwangu. Hakukosea.

Chumba cha kukatia hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na tyubu sita darini. Nne zilikuwa zimekufa, moja ilikuwa inakonyeza, inawaka na kuzimika, na moja nzima ilikuwa mbali, upande wa mlango. Wafanyakazi walilalamika miezi miwili. Msimamizi alisema zimeagizwa. Wakazoea, kama watu wanavyozoea. Walipapasa meza, wakafuata sauti ya mashine. Siku moja, saa nne asubuhi, tyubu ile inayokonyeza ilizimika wakati dada anasukuma rundo chini ya kisu. Alidhani kisu kimeshapanda. Kilikuwa kinashuka. Kikachukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, cha shahada, cha kati na cha pete.

Kiwanda kilimwandikia barua akiwa bado wodini. Barua ilisema ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi. Nilikuwepo Popo alipomsomea. Dada akamwomba amsomee tena hapo penye neno uzembe, kana kwamba safari ya pili lingetoka jingine. Naamini neno lile lilimuuma kuliko jeraha. Kilichompeleka baraza la kazi ni hilo. Fidia aliizungumzia mara moja tu. Neno uzembe alilizungumzia kila siku.

Siku ya nne baada ya ajali, fundi wa mitambo wa kiwanda alikuja studio. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyefanya kazi na dada miaka mingi. Nilimsikia kupitia mbao. Alisema tyubu mpya zimefika, keshokutwa zinafungwa, na zikishafungwa hakuna atakayeamini kwamba kulikuwa na giza. Kama Popo anataka picha, aje kesho saa ya chakula, wafanyakazi wakiwa uani. Mlango wa nyuma atauacha wazi.

Popo alikwenda. Aliniambia alipoingia alisimama kwanza, mkono ameunyoosha mbele kama kipofu, maana mashine hakuiona. Macho yalipozoea aliona umbo lake tu. Akatega kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Akawasha kitochi kidogo, akamulika ubavu wa mashine ili lenzi ishike shabaha, akakizima. Kisha akalifungua jicho la kamera na kuliacha wazi, akihesabu kimoyomoyo, sekunde nane. Akapiga picha nne namna hiyo, akatoka bila kuonekana na mtu.

Alirudi anang'aa. Nasema ukweli: anang'aa. Dada yake yuko wodini na mkono uliofungwa kama furushi, naye alikuja dukani kwangu na kamera mkononi, akanionyesha kwenye kioo chake kidogo jinsi picha zilivyotoka. Nami nilimsifu. Mashine ilionekana yote. Uliona vumbi la karatasi juu ya meza, uliona tyubu nne nyeusi darini, na kwenye ubavu wa mashine uliweza kusoma kibandiko: WEKA MIKONO MBALI NA KISU. Alizichapisha kubwa, mimi nikazibandika kwenye kadibodi ngumu zisijikunje, nikazikata kingo kwa uangalifu, sikutaka malipo. Huo ndio mkono wangu.

Dada alipotoka hospitali zilikuwa zinamngoja mezani studio. Alizitazama moja moja, akizishika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Popo akacheka kidogo. "Dada, si chumbani kwenu kazini?"

"Kwetu hakuko hivi." Akaiweka picha chini, akagusa kile kibandiko. "Haya maandishi sijayasoma tangu tyubu zife. Ukiwa pale huyaoni. Huoni hata mkono wako. Punguza mwanga, mdogo wangu, ifanye iwe kama kulivyo."

Popo akamweleza, kwa upole, kama mtaalamu anavyomweleza mteja. Picha nyeusi haishuhudii kitu, alisema. Watasema ameiharibu makusudi. Hizi zinaonyesha tyubu nne zimekufa, yeyote ataweza kuzihesabu. Kazi ya picha ni kuonyesha.

Dada alizikusanya picha kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua," akazifunga kwenye gazeti.

Baraza lilikaa kwenye ofisi yenye madirisha makubwa, asubuhi ya jua kali. Nilikwenda nao, nilibeba picha. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani, asiye na haraka, na sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Wakili wa kiwanda alikuwa kijana mtanashati wa sauti ya chini. Dada alieleza yaliyompata vizuri kabisa, bila kulia. Picha zikapokewa. Wakili alizipanga mbele yake, akazitazama kwa muda mrefu, na nilipomwona anatabasamu nilidhani amezipenda kama nilivyozipenda mimi. Kweli alikuwa amezipenda.

Akamwita Popo. Akamuuliza kazi yake, miaka mingapi, akamsifu. Akamuuliza kama alitumia flashi.

"Hapana," akasema Popo. "Mimi situmii flashi."

"Uliingia na taa yoyote?"

"Kitochi tu, cha kushikia shabaha. Nilikizima kabla ya kupiga."

"Kwa hiyo mwanga tunaouona kwenye picha hizi ni wa chumba chenyewe, hujaongeza wako?"

"Ni wa chumba chenyewe." Alilisema hilo kidevu kikiwa juu. Ndilo lililokuwa jambo lake la kujivunia maisha yake yote.

Wakili akamwomba asomee baraza kibandiko kilicho kwenye ubavu wa mashine. Popo akasoma. Nafikiri alifika kwenye neno "kisu" ndipo akaelewa anakopelekwa, maana sauti ilimwishia hapo, na wakili alimwomba arudie. Kisha akamwonyesha tyubu ya tano, ile inayokonyeza. Kwenye picha ilikuwa imetulia, inawaka vizuri, kwa sababu katika sekunde nane iliwaka mara nyingi za kutosha kuonekana haijawahi kuzimika. Na zile nne? Wakili aliuliza picha zilipigwa saa ngapi. Saa ya chakula. Akaliambia baraza kwamba saa ya chakula taa nyingi huzimwa, hivyo hakuna cha ajabu hapo.

Popo alianza kuzungumza haraka. Alieleza kwamba kamera inaweza kuachwa wazi ikakusanya mwanga kidogo kidogo, kama mtu anayekinga maji kwenye bomba linalodondosha tone moja moja. Jicho haliwezi hivyo, jicho hupata tone lake moja basi. Alieleza vizuri. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unataka kuniambia kwamba picha hizi hazionyeshi kile ambacho mtu aliyesimama pale angekiona?"

"Hazionyeshi, mheshimiwa."

"Sasa mmezileta hapa za nini?"

Popo alizitazama zile picha. Swali hilo hata mimi sina jibu lake, mpaka leo. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mkono wake. Wenzake wawili waliokuwa wameahidi kuja kutoa ushahidi hawakuonekana. Walikuwa zamu, au waliwekwa zamu.

Tulipotoka kwenye korido, wakili alimfuata Popo akampa kadi. Alisema amevutiwa kwa dhati. Mdogo wake yeye wakili anafunga ndoa, ukumbi walioupata una mwanga hafifu, na kila mpiga picha aliyemwona anataka kuja na mataa yake. Popo aliipokea kadi ile kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema asante sana. Alikuwa amepokea kadi namna hiyo miaka yote ya kazi yake, mikono yake ilifanya yenyewe. Alipogeuka, dada yake alikuwa hatua tatu nyuma.

 Dada alishuka ngazi akishikilia reli kwa mkono wa kushoto, na chini alimwomba binti yake amfungie kamba ya kiatu.

Harusi ile Popo hakwenda, wala hakupiga simu. Kadi aliichana palepale mtaani, na mimi nilimwona. Lakini dada hakuona hilo, aliona ile mikono miwili tu, na siku zote hakumuuliza kama alikwenda au la. Nilimshauri amwambie. Akasema ukianza kumweleza mtu kitu ambacho hajakuuliza, anajua una hatia.

Baada ya wiki tatu jibu lilikuja. Baraza halikuona ushahidi wa kutosha kwamba mwanga ulikuwa pungufu. Neno uzembe likabaki pale lilipo.

Wala mambo hayakuishia hapo. Kwenye picha ya nne, pembeni kabisa, mlango wa nyuma ulionekana umeegeshwa, na kwenye tundu la ufunguo palikuwa na funguo zinaning'inia, na kwenye funguo kibati chenye namba. Picha ilikuwa kali mno. Namba ilisomeka. Kiwandani walikwenda kuangalia kwenye daftari lao namba ile ni ya nani, na mwisho wa mwezi fundi wa mitambo akaambiwa asirudi. Alikuja kutuaga. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtesa Popo zaidi. Alikaa kwenye benchi la studio, mahali wanapokaa watu wa picha za pasipoti, akasema huenda sasa atapata muda wa kupumzisha mgongo. Popo alimwomba radhi. Fundi akamwambia, "Hukujua, kaka," akaondoka, na baadaye tulisikia amerudi kwao.

Kilichommaliza rafiki yangu, hata hivyo, kilikuja kwa njia ya msaada. Katibu wa chama cha wafanyakazi, ambaye siku zote hizo alikuwa safarini, alipita studio kutoa pole. Katika mazungumzo akauliza, bila nia mbaya, kama walipima mwanga. Alisema kanuni zinataja kiwango cha chini cha mwanga kwa chumba chenye mashine ya kisu. Mtu akileta kipimo kilichochukuliwa mbele ya shahidi, hakuna wakili anayeweza kubishana na namba. Shahidi angepatikana: fundi wa mitambo mwenyewe. Nikasikia upande wa pili wa mbao zipu ya mkoba ikifunguliwa. Katibu alipokwenda zake Popo alikuja kwangu na kitu mkononi, kidogo kama kiberiti kikubwa, chenye kioo na mshale. Kipima mwanga. Kila mpiga picha wa zamani anacho. Siku ile kilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, na yeye hakukitoa, kwa sababu alishajua chumba kina mwanga kiasi gani. Alijua kwa macho tu. Alikuwa anajivunia kujua kwa macho.

Alikiweka mezani kwangu akaniomba nikitupe. Sikukitupa, nilikiweka kwenye droo. Wiki iliyofuata alikuja akakichukua.

Mtu asidhani waligombana. Dada alihamia kwa binti yake, akajifunza kuandika kwa kushoto, akapata kazi ya kupokea simu kwenye zahanati. Popo akimtembelea alikaribishwa, alipewa kiti, aliulizwa habari za mkewe na watoto. Waliongea habari za mvua na bei ya sukari. Utani wa kubana pumzi uliisha. Mke wa Popo aliwahi kuniambia kwamba mumewe akitoka kwa dada yake hukaa kitandani na viatu miguuni, na ukimuuliza anasema wamezungumza vizuri tu.

Kazi yake iliendelea. Ningependa kusema alitetemeka mkono, au kwamba picha zake zilianza kutoka na ukungu, maana ingekuwa aina fulani ya haki. Hazikutoka na ukungu. Kumbi zenye giza bado zilimwita, na alipiga kama zamani, labda vizuri zaidi. Tofauti ilikuwa moja, kwamba hakuja tena dukani kwangu kunionyesha. Nilikuwa naziona tu wateja walipozileta niziwekee fremu.

Mwaka juzi binti wa dada aliolewa. Tulialikwa wote. Ukumbi ulikuwa mdogo, wa dari fupi, na mapazia mazito yaliyokula mwanga wote. Kila aliyeingia alimtafuta Popo kwa macho, maana yeye ndiye mjomba, na ni nani mwingine angepiga? Alikuwa ameketi meza ya ndugu, amevaa suti, mikono juu ya magoti. Dada alikuwa amemkodi mvulana mmoja wa mtaa wa pili, mwenye flashi kubwa kama sahani. Mvulana alizunguka akimulika watu machoni, akitikisika, akipiga huku anatembea. Kuna mgeni alimuuliza Popo imekuwaje. Popo akajibu leo amekuja kula.

Wiki mbili baadaye dada alikuja dukani kwangu na picha moja. Hakupita kwanza studio, ingawa mlango ulikuwa wazi. Alitaka fremu ya mbao nzuri, na kioo. Niliitazama, na kwa mtu wa kazi yangu ilikuwa aibu kuifungia fremu. Nyuso zimepauka kwa flashi, maharusi wana macho mekundu, nyuma yao ni weusi mtupu. Dada yuko kando, amenyanyua mkono wa kulia kumpungia mtu, na mkono umesogea wakati picha inapigwa. Umetoka ukungu mweupe kuanzia kiganja kwenda juu. Huwezi kujua una vidole vingapi.

"Una hakika ni hii?" nikamuuliza. "Mvulana yule lazima anazo nyingine."

"Anazo nyingi," akasema. "Mimi nataka hii."

Popo alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Sijui aliingia lini. Alimsalimia dada yake, dada akaitikia. Akasogea mezani, akaitazama ile picha, na niliona macho yake yanavyotembea juu yake kama kawaida yake, yakitafuta pale picha ilipokuwa kali. Hayakupata mahali. Akabaki ameinama hivyo, na dada yake hakuivuta picha wala hakumharakisha.

"Ni nzuri," akasema hatimaye.

Dada alinikabidhi malipo ya fremu, akaniuliza iko tayari lini. Nikamwambia Ijumaa. Akatuaga sote wawili kwa pamoja, akatoka, na Popo akarudi upande wake, ambako mteja wa picha za pasipoti alikuwa anamngoja.